Emu wa vyuma chakavu: tumefika kwenye manyoya

Sanamu yetu ya emu, ndege mkubwa wa Australia asiyeruka, sasa inasimama yenyewe. Miguu ni propela shafti za pikapu zilizotelekezwa kando ya barabara ya vumbi, shingo ni bomba la ekzosi. Kazi iko katika kijiji cha Waarrernte, wenyeji wa asili wa eneo hili, mashariki mwa mji wa Alice Springs, katikati ya Australia. Mimi ni fundi wa kuchomelea kutoka Morogoro. Vyuma na hadithi ni vya wenyeji.

Mazungumzo yalichukua muda mrefu kuliko uchomeleaji. Hapa kila hadithi ina wenyewe, na ndio wanaoamua ipi ioneshwe hadharani. Mjini, pale Araluen, kituo cha sanaa, kuna sanamu kubwa ya kiwavi wa Yeperenye, mmoja wa viwavi ambao kwa imani ya Waarrernte waliiumba nchi ya Mparntwe, yaani Alice Springs. Huamki tu asubuhi ukaunda chako. Wazee walishauriana, wakatupa emu dume na vifaranga wake, akae karibu na shule. Dume ndiye anayeatamia mayai kwa wiki nane hivi, kisha akalea.

Nyayo ndizo nilizozipenda zaidi. Mbuni ana vidole viwili, emu ana vitatu. Bibi mmoja alichora unyayo mchangani, tukakata springi za lori kuufuata. Akaulaza mguu wa chuma juu ya mchanga, akaukandamiza, akaitazama alama. Kidole cha kati akataka kirefushwe. Tukakirefusha.

Sasa manyoya. Unyoya wa emu huota mashina mawili kutoka kikonyo kimoja, kwa hiyo kila unyoya ni waya wa uzio uliokunjwa katikati: mkunjo unachomelewa mwilini, ncha mbili zinaning'inia. Waya wenye zinki tunausugua kwanza mpaka chuma kitokee, maana ukivuta moshi wake, usiku unashikwa na homa na kutetemeka.

Kijana mmoja anakwangua rangi ya boneti kuukuu kwa grenda ndogo, apate michirizi ya vifaranga. Nilimwonesha kazi ya Gunybi Ganambarr, msanii wa kaskazini mwa Australia, aliyeshinda tuzo kuu ya Telstra ya sanaa ya wenyeji wa asili mwaka 2018 kwa bamba la alumini alilolichonga. Michoro ile ni ya Wayolngu, watu wa Ganambarr, na kijana haigusi. Alichotaka kuona ni jinsi mkono unavyotembea juu ya bati.

Wiki ijayo tunamwaga zege la msingi.