Kitambulisho Mkononi, Jina Halipo

Kila uchaguzi nchini Kenya kuna watu wanaoamka alfajiri, wanapiga foleni wakiwa na kitambulisho mkononi, kisha wanarudi nyumbani bila wino kidoleni. Ukiwauliza, watasema wamezuiwa. Lakini mara nyingi hakuna aliyewazuia siku hiyo. Mambo yaliharibika miezi kadhaa nyuma: walijisajili kwa stakabadhi nyingine, walihama bila kuhamisha kura, au hawakuwahi kukagua sajili. Uchaguzi ujao ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027, kwa hiyo muda wa kurekebisha upo.

Tuanze na stakabadhi, maana hapo ndipo uvumi ni mwingi. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 inatambua mbili tu: kitambulisho cha kitaifa na pasipoti ya Kenya. Leseni ya udereva haimo. Kadi ya Huduma Namba haimo. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kazi, kitambulisho cha chuo, vyote havimo. Ile karatasi ya kusubiri kitambulisho pia haikusajili, na hii ndiyo inayowaumiza vijana waliotimiza miaka 18 karibu na uchaguzi, kwa sababu sajili hufungwa kitambulisho kikiwa bado njiani. Abstrakti ya polisi nayo inaonyesha tu kwamba umeripoti kupoteza kitambulisho. Haishiki nafasi ya kitambulisho chenyewe. Kikipotea, anza kutafuta kingine wiki hiyohiyo, usingoje kampeni zipambe moto.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: stakabadhi uliyojisajilia ndiyo utakayopigia kura. Kilichoingia kwenye sajili ni namba ya stakabadhi hiyo, na ndiyo karani atakayoitafuta. Ukijisajili kwa pasipoti halafu ukaja na kitambulisho, mtambo hautakuonyesha kwa namba hiyo hata kama wewe ni yuleyule na uso ni uleule. Tena pasipoti ina tabu yake. Ikifanywa upya, namba hubadilika. Pasipoti za zamani ziliondolewa mwishoni mwa 2022, zikabaki za kielektroniki, kwa hiyo aliyejisajilia ile ya zamani na hajarekebisha taarifa zake ana namba kwenye sajili ambayo haimo kwenye kijitabu alichonacho leo. Kama una vyote viwili, jisajili kwa kitambulisho. Namba yake haibadiliki hata ukipata kadi mpya.

Kadi ya kura ya enzi zile, ile iliyotunzwa kabatini kama hati ya shamba, haihitajiki tena tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2012. Karatasi ndogo unayopewa baada ya kujisajili itunze kwa sababu ina jina la kituo chako, lakini hutaulizwa hiyo mlangoni.

Upande wa makazi, Kenya ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Katiba, katika kifungu cha 83, inataka mambo matatu: uwe raia mtu mzima, usiwe umetangazwa kuwa huna akili timamu, na usiwe umehukumiwa kwa kosa la uchaguzi ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Hakuna idadi ya miezi ya kuishi mahali. Unapojisajili kwa mara ya kwanza hakuna anayekudai bili ya umeme wala barua ya mwenye nyumba. Linganisha na Zanzibar, ambako sharti la kuishi jimboni miezi 36 lilileta mvutano mkubwa katika uandikishaji, huku sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji, akiwa ndiye shahidi wa nani ni mkaazi na nani si mkaazi. Au Marekani: mwaka 1972 Mahakama ya Juu huko ilifuta sheria ya Tennessee iliyomtaka mpiga kura awe amekaa jimboni mwaka mzima na katika kaunti miezi mitatu.

Ulegevu huo wa Kenya una gharama yake. Ndio unaowapa wanasiasa nafasi ya kusafirisha watu kwa mabasi kwenda kujisajili mahali wasipoishi, na malalamiko ya "wapiga kura wa kuagizwa" hayakosekani msimu wowote. Hata hivyo naona afadhali hivyo kuliko kumpa mtu mmoja kijijini uwezo wa kuamua nani ni mwenyeji.

Lakini ulegevu wa makazi usikudanganye kuhusu kituo. Kifungu hichohicho cha 83 kinasema utasajiliwa katika kituo kimoja tu. Ukijisajili Kasarani kisha ukahamia Nakuru, kura yako imebaki Kasarani, na siku ya uchaguzi hakuna afisa wa Nakuru mwenye mamlaka ya kukuhurumia. Njia ni kuhamisha kura. Fika mwenyewe na stakabadhi yako halisi katika ofisi ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ya eneobunge unakohamia, eleza kituo cha zamani na kituo unachotaka. Sheria inataka ombi hilo lifike siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Kwa 2027 hiyo ni tarehe 12 Mei hivi. Usajili mpya hufungwa siku 60 kabla, yaani karibu tarehe 11 Juni. Tume hutangaza tarehe rasmi, na hizo ndizo za kufuata. Kwa uchaguzi mdogo hali ni tofauti: usajili katika eneo husika husimama tangu kiti kinapotangazwa kuwa wazi.

Kosa kubwa hapa ni la yule anayeona uvivu kuhamisha, akaenda kujisajili upya kama mgeni. Kujisajili mara mbili ni kosa la jinai, na alama za vidole hulinganishwa.

Ukishajisajili, kagua. Sheria inaitaka tume ifungue sajili kwa siku 30 ili wananchi wathibitishe alama zao za vidole vituoni kabla ya uchaguzi mkuu, na hapo ndipo uende wewe mwenyewe, usitosheke na kuangalia kwa simu. Simu itakuonyesha jina na kituo. Haitakuonyesha kama mtambo unakisoma kidole chako. Angalia mambo manne: namba ya stakabadhi tarakimu kwa tarakimu, tahajia ya majina, kituo, na mkondo, yaani chumba chako ndani ya kituo. Hili la kituo si la kupuuza. Kabla ya uchaguzi wa 2022 kulikuwa na watu waliogundua wamehamishiwa vituo vingine bila idhini yao, na ukaguzi wa sajili uliofanywa na kampuni ya wakaguzi ya KPMG mwaka huo ulikuta pia majina ya marehemu na namba za vitambulisho zilizojirudia.

Mkondo nao una sababu yake. Kituo kimoja cha kupigia kura hakiruhusiwi kuzidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule yenye watu 3,000 hugawanywa katika mikondo kwa alfabeti ya majina, kila mkondo na chumba chake na mtambo wake. Mwanamke aliyebadilisha jina baada ya ndoa huweza kusimama saa mbili kwenye foleni ya herufi ya jina jipya huku sajili ikimweka chumba cha pili kwa jina la zamani. Ukifika, soma orodha iliyobandikwa kabla hujashika foleni.

Ndani ya chumba, karani anapokea stakabadhi yako na kukuomba uweke kidole kwenye mtambo wa KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha kutambua wapiga kura kinachotumika tangu 2017. Kidole kikisomwa, picha yako inatokea. Vidole vya mafundi wa mawe, wachuma chai, mama wanaofua kwa mikono na wazee husumbua, kwa sababu mistari ya ngozi imelika au imekauka. Futa jasho na mafuta, bonyeza kwa utulivu bila kukandamiza, na ukikataliwa omba ujaribu kidole kingine, kisha mkono wa pili. Makarani wenye haraka hujaribu kimoja na kukuambia ukae kando.

Vidole vyote vikigoma, hujapoteza kura. Karani anakutafuta kwa namba ya kitambulisho au pasipoti, taarifa zako zikitokea mawakala wa wagombea wanaziona, na Fomu 32A inajazwa. Itaje kwa jina, maana afisa anayesikia "Fomu 32A" hujua anazungumza na mtu anayeelewa. Mtambo wenyewe ukifa kabisa, hutafutwa mwingine, na ikishindikana sajili iliyochapishwa hutumika. Hilo lilitokea mwaka 2022 katika baadhi ya vituo vya Kakamega na Makueni. Lakini kama namba yako haimo kabisa katika sajili ya kituo hicho, hakuna fomu ya kukuokoa. Omba karani akuangalizie kama uko kituo kingine, kisha uende huko.

Walio ughaibuni na walio gerezani humpigia rais pekee, na pia ni lazima wawe wamesajiliwa huko waliko.

Usimpe mtu kitambulisho chako "akuwekee" hadi uchaguzi upite, hata akikulipa. Ujanja huo ni wa zamani na shabaha yake ni kupunguza kura za mpinzani, si kuongeza za anayelipa. Na kama umechelewa njiani, usirudi nyumbani: vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, ila aliyekuwa tayari kwenye foleni saa hiyo inapofika ana haki ya kupiga kura yake.