Shule ya Clinton na wale watoto 12

Jamani hii historia ya Clinton High School, shule ya serikali kwenye kamji kadogo ka Tennessee kule Marekani, kila nikiisoma inaniuma upya. Kabla ya 1956 watoto weusi wa pale hawakuruhusiwa kusoma hapo, wanapandishwa basi mpaka mji wa Knoxville wakati shule iko palepale mjini! Mahakama ikaamuru wapokelewe, basi Agosti watoto 12 wakateremka kilima kwa miguu toka shule yao ya msingi ya zamani, Green McAdoo, na haikupita muda fujo za weupe waliowapinga zikawa kubwa mpaka gavana akatuma wanajeshi na vifaru. Vifaru, kisa watoto wanaenda darasani. Bobby Cain, mmoja wa wale 12, akavumilia matusi na vipigo akahitimu 1957, na mimi huyu namheshimu kuliko mashujaa wengi wa vitabuni. Halafu Jumapili asubuhi, 5 Oktoba 1958, shule ikalipuliwa kwa baruti, nashukuru hakuna aliyeumia ila jengo liliharibika vibaya. Wanafunzi wote, weusi kwa weupe, wakahamishiwa mji wa Oak Ridge kusomea jengo la kuazima, 1960 ndo wakarudi kwao.