Ngazi nyepesi kwenye bustani ya mchanga, Shela

Anayejenga Shela, kisiwani Lamu, hahesabu bei ya jiwe peke yake, anahesabu pia mikono mingapi italishika. Linashuka chomboni, linaingia kwenye shogi la punda (mfuko wa pande mbili mgongoni mwake), linashushwa mlangoni, na hapo ndipo kazi inapoanza, maana bustani imekaa ubavuni mwa kilima cha mchanga na mguu unazama hadi kifundoni. Slabu ya zege ya sentimita 60 kwa 60, unene 5, ina kilo 43 hivi. Sakafuni watu wawili wanaibeba. Kwenye mchanga unaopanda wataiangusha, au itawavunja migongo.

Basi usilete slabu. Leta saruji, mchanga na kokoto, umimine slabu hukohuko bustanini, mahali tambarare karibu na njia. Karai hujazwa kulingana na nguvu za mbebaji, lakini slabu haipunguziki.

Tuchukue mteremko unaopanda mita 1.5 ndani ya mita 6. Hizo ni ngazi 10, kila moja kimo cha sentimita 15 na kina cha 60, upana 80. Kila ngazi inataka slabu mbili za 40 kwa 40, unene 4. Moja ina kilo 15 na mtu mmoja anaiweza. Jumla ni slabu 20, na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unazitosha kwa mchanganyiko wa 1:2:3 (saruji, mchanga, kokoto), kokoto zisizidi milimita 10. Sentimita 20 zinazobaki nyuma ya slabu ziache wazi, zijazwe kokoto au mimea. Vilima vya Shela ndivyo vinavyochuja maji ya visima vya mji wa Lamu, kwa hiyo mvua iachiwe njia ya kushuka. Kusakafia mteremko mzima kwa zege ni kosa kubwa.

Mchanga wa ufukweni usiutumie. Chumvi yake hutoka juu ya slabu kama unga mweupe, na ukitia nondo ndani italiwa na kutu hadi zege lipasuke. Slabu ndogo hivi haihitaji nondo. Maji nayo yawe ya kisimani yasiyo na chumvi, na yasizidi: rojo linalotiririka kama uji hukauka likiwa dhaifu. Ukishamimina, funika kwa magunia na uyaweke mbichi siku 7. Jua la hapa hukausha uso kabla ya moyo wa slabu kushika, na nyufa zinaanzia hapo.

Wengi hupiga hesabu ya slabu wakasahau kitanda chake. Kokoto za matumbawe unene wa sentimita 10 chini ya ngazi 10 ni karibu nusu mita ya ujazo, zaidi ya kilo 600, wakati slabu zote ni kilo 300. Kwa mzigo wa kilo 50, nusu kila upande wa shogi, kitanda peke yake ni safari 12 za punda au zaidi. Usimzidishie punda ili umalize mapema. Kama nafasi ipo, vyombo vilete mzigo kabla ya upepo wa kusi kuchafua bahari na kabla ya masika.

Kutoka mlangoni kwenda juu, wilbaro ya gurudumu jembamba inazama tu. Tandika mbao njia nzima, au tumia sleji: ubao mpana wa mita 1 kwa nusu mita, pua imeinuliwa, tako bapa. Nyunyizia njia maji kidogo, kwa sababu mchanga mbichi hushikana na sleji haichimbi. Juu ya mteremko fukia boriti ya mita 1, imelala kwa upana wake, kina cha sentimita 70, ndiyo iwe nanga. Funga ncha moja ya kamba hapo, ipitishe kwenye roda (gurudumu la kupitishia kamba) iliyofungwa kwenye sleji, kisha vuta ncha ya pili ukiwa juu. Nguvu inapungua karibu nusu, na kamba inayovutwa ni maradufu: kwa mita 6 utavuta 12. Mtu yeyote asisimame chini ya mzigo wala kwenye mstari wa kamba.

Anza ngazi ya chini upande kwenda juu, ili uliyojenga ikubebe. Mbele ya kila ngazi simamisha jiwe la matumbawe la kimo cha sentimita 20: 9 ardhini, 11 nje, na slabu inaongeza 4. Boriti usiiweke hapa, mchwa wataila. Nyuma ya jiwe tandaza gunia lililofumwa, kisha kokoto, shindilia, kisha sentimita 2 za mchanga, ndipo ulaze slabu. Bila gunia, kokoto huzama mchangani na slabu inabaki imeshikwa pembeni tu. Ikanyage slabu kwa kisigino: ikicheza, itapasuka katikati. Iinue, ujaze upya, usitie vigae chini kuiziba.

Unapoibeba, ishike kwa ubavu, wima. Ikiwa bapa ni rahisi zaidi kupasuka.

Ipe kila slabu mwinamo wa sentimita 1 kuelekea mbele, na baada ya mvua ya kwanza kagua nyuma ya mawe ya mbele. Ukiona shimo, maji yamepata njia pembeni: panua gunia upande huo, urudishe kokoto.