Bastola ya kiwanda cha taipureta

Mdogo wangu alipiga simu kutoka Tanga dakika chache tu baada ya kumtumia picha. Hata shikamoo hakutoa. "Kaka, unamwogopa nani huko?"

Namwelewa. Kwetu mwenye bastola ama ni askari ama ana adui. Nikamwambia simwogopi mtu, aikuze ile picha asome maandishi ya ubavuni. Akasoma polepole: Remington Rand. Akanyamaza kidogo. "Hawa si ndio wenye taipureta?"

Ndio hao hao. Ile ni M1911A1, bastola ya jeshi la Marekani ya enzi za Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilipopamba moto, kiwanda cha Colt peke yake kisingeweza kutosheleza mahitaji, kwa hiyo serikali ikagawa kazi kwa wengine: Remington Rand wa taipureta kule Syracuse, New York; Ithaca wa bunduki za kuwindia; Union Switch & Signal waliokuwa wakiunda mitambo ya ishara za reli. Remington Rand wakaja kuwapita wote, bastola zaidi ya 800,000.

Na kabla yao alikuwapo Singer. Ndiyo, Singer wa cherehani! Alitengeneza bastola 500 tu, namba S800001 hadi S800500, kisha akapewa kazi ya mitambo ya kulengea mizinga ya kutungulia ndege. Bastola ya Singer leo mnadani hufika mamia ya maelfu ya dola. Sitaishika maishani mwangu, lakini ndiyo iliyonivuta. Mimi nimelelewa na Singer. Mama alishona sare za shule pale Ngamiani miaka zaidi ya thelathini, na zile herufi za dhahabu kwenye shingo ya cherehani yake zilifutika upande mmoja, pale mkono wake wa kushoto ulipokuwa ukipita na kitambaa. Siku niliyosoma kwamba watu wa mashine ile walitengeneza pia silaha, sikulala mpaka nimejua yote.

Ya kwanza niliyonunua iliniumiza. Niliipata kwenye maonyesho ya silaha hapa Ohio, Marekani. Muuzaji aliniapia kwamba iko vilevile ilivyotoka kiwandani. Iling'aa nyeusi kama kiatu cha gwaride, nami nikaipenda kwa huo mng'ao. Kumbe mng'ao ndio ulikuwa ushahidi. M1911A1 nyingi za vitani hazikung'arishwa. Zilipakwa fosfeti, chuma kikatoka na rangi ya kijivu iliyofifia, wakati mwingine yenye ukijani. Yangu ilikuwa imepigwa msasa na kutiwa rangi upya. Ukiangalia kwa kioo cha kukuzia, herufi zilizogongwa zilikuwa hazina kingo, zimelegea kama nyayo kwenye mchanga maji yakishapita. Muhuri wa mkaguzi ulibaki kivuli tu. Mtu alidhani anaitengeneza, na akafuta kila kitu ambacho mimi ningelipia.

Kwa hiyo nilipojua kwamba jeshi linaachia bastola zake zenyewe kutoka ghalani, nikasubiri. Zinauzwa na Civilian Marksmanship Program, shirika la kukuza ulengaji shabaha kwa raia, la Anniston, Alabama, chini ya sheria ya Bunge lao. Awamu ya kwanza walipokea maombi kuanzia tarehe 4 Septemba hadi tarehe 4 Oktoba 2018, kwa karatasi na kwa posta. Lazima uwe raia wa Marekani, uwe mwanachama wa klabu inayotambuliwa nao, na uonyeshe kwamba umeshiriki ulengaji shabaha. Uraia nilikuwa nimeshaupata. Nina pia leseni ya mkusanyaji, ile ya dola 30 kwa miaka mitatu, inayoniruhusu kununua silaha zilizotimiza miaka 50 na kunilazimu kuandika kila moja kwenye daftari. Kwa bastola hizi leseni hiyo haitoshi: rekodi zako zinakaguliwa na wao kwanza, kisha zinakaguliwa tena dukani, mbele ya muuzaji mwenye leseni ya biashara. Mimi naliona jambo jema. Kitu cha kuua kisipite mikononi kama muhogo.

Foleni ilipangwa kwa bahati nasibu. Nikapata namba elfu sita na kitu, nikapigiwa simu mwaka uliofuata. Huchagui kiwanda, unachagua daraja la hali yake tu. Nilichukua Field, dola 950.

Pale dukani mzee alifungua sanduku, akahakikisha chemba haina risasi, akanisogezea bila neno. Chuma cha juu ni cha Remington Rand, kiunzi ni cha Ithaca. Wengine hapo husikitika, wanataka vipande vyote viwe vya nyumba moja. Mimi nilifurahi. Karakana za jeshi zilizifungua bastola hizi mara nyingi, zikachanganya vipande vizima na kuzirudisha kazini mpaka bastola ya Beretta ilipochukua nafasi yake mwaka 1985; mchanganyiko huo ni utumishi wake. Ubavuni kuna FJA, herufi za mkaguzi Frank J. Atwood, kali mpaka ukipitisha ukucha zinakwaruza. Ubavu wa pili, UNITED STATES PROPERTY. Na upande wa nyuma wa mpini, pale kiganja kinapokaa, fosfeti imeisha kabisa, chuma kimebaki cheupe, laini. Si msasa uliofanya vile. Ni viganja.

Inakaa kwenye kabati la chuma, risasi chumba kingine, funguo ninazo mimi. Naipaka mafuta mepesi, basi. Kila anayeniuliza namwambia: ukinunua, hata ukikuta doa, usiguse msasa, usiguse rangi.

Nilimweleza mdogo wangu haya yote. Hakubishana. Wiki iliyofuata akanitumia picha ya cherehani ya Mama, ile sahani ndogo karibu na kitako. Alikuwa amefuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Namba inaanza na herufi E, nami nikamwambia hiyo ni ya kiwanda cha Clydebank, Uskoti. Fundi mmoja alikuwa amemshauri aipeleke ikapakwe rangi mpya na kubandikwa maandishi mapya ya dhahabu. Nikamuuliza amemjibu nini.

"Nimemwambia asiiguse. Pale ni mkono wa Mama."