Kwani na wewe umemaliza?

Tangu Jumapili kuna swali limenikaa kichwani na halitaki kutoka. Alhamisi posa ya mdogo wangu imejibiwa na mahari imetajwa, kazini tumehamishiwa jengo jingine na mafaili yote yamechanganyika, lakini katikati ya hayo sauti niliyokuwa naisikia ni ya Dogo: "Kwani na wewe umemaliza?"

Dogo mnamjua. Ndiye niliyeandika habari zake mwezi wa Ramadhani, yule wa Mbagala anayefanya mazoezi baada ya tarawehe barabara ikiwa imepungua magari. Sijaona kijana anayemalizia mbio za baiskeli kama yeye. Ukimfikisha mita mia mbili za mwisho akiwa hajachoka, waliobaki wanagombea nafasi ya pili. Kazi yote iko kwenye kumfikisha.

Jumapili, baada ya mstari wa kumalizia, pale Bunju, alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, binamu yake anamrekodi kwa simu. Akaulizwa siri ya ushindi. "Leo miguu ilikuwa miepesi tu. Nikatazama mbele nikaona njia nyeupe, nikaondoka zangu." Watu wakashangilia. Nikasogea, nikampa mkono.

"Hongera sana, Dogo."

"Asante, braza." Akaniangalia kidogo. "Kwani na wewe umemaliza?"

Kabla sijajibu alikuwa keshageukia simu.

Nimeirudia kila namna. Nimeisikia kama dharau, nimeisikia kama mshangao, nimeisikia kama swali la mtu asiye na neno moyoni. Jumatatu usiku nilimwigizia mke wangu kwa sauti tatu tofauti, aniambie ipi ndiyo. Akasema lala, kesho kazi.

Maana njia ile haikujisafisha yenyewe.

Timu yetu tulikuwa sita, na Kapteni alishampa kila mtu lake tangu Jumamosi. Kutoka Bunju hadi Bagamoyo unakwenda na upepo wa kusi mgongoni, na msimu huu kusi haina mchezo, kwa hiyo kila mtu anajiona bingwa. Hesabu iko kwenye kurudi. Fundi alitumwa achomoke mapema, hata Zinga hatujafika. Hatukutegemea ashinde. Mwenzenu akiwa mbele, nyinyi mlio nyuma hamna deni la kumfukuza. Mzigo huo unawaangukia wengine. Wapinzani wetu, wale wa jezi nyekundu, walitupigia kelele sana, "vuteni na nyie!", na Kapteni akawajibu kwa upole kabisa kwamba mtu wetu yuko mbele, tumfukuze wa nini? Wakavuta wenyewe. Fundi alipokamatwa, muda mfupi baada ya kugeuza Bagamoyo, alikuwa amekwisha, na wao nusu yao walikuwa wamekwisha pamoja naye. Kwangu hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote zilizofanyika siku ile, na Fundi hakuonekana kwenye picha hata moja.

Wasioendesha huwa hawaamini nikiwaeleza habari za upepo, na baba yangu ndiye wa kwanza kutoamini. Kwenye tambarare, ukifika kilomita 40 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zako inaishia kusukuma hewa. Anayekaa karibu na gurudumu la mwenzake anaokoa kama theluthi ya nguvu hizo, na ndani ya kundi kubwa anaokoa zaidi. Mwaka 2018 mtafiti Bert Blocken na wenzake walichunguza kundi la waendeshaji 121, kwa kompyuta na kwa handaki la kupimia upepo, wakakuta kwamba walio ndani kabisa kuelekea nyuma wanapata asilimia 5 hadi 10 tu ya ukinzani wa hewa ambao mtu angeupata akiwa peke yake. Yaani kuna mtu mbele anakula upepo, na kuna mtu nyuma miguu yake inakuwa miepesi.

Sasa Mapinga. Upepo ulikuwa unatupiga usoni, ukitokea mkono wa kulia, upande wa bara. Ukiwa hivyo, kivuli cha kujikinga nao hakiko nyuma yako moja kwa moja, kiko nyuma kushoto. Kwa hiyo mnajipanga mshazari: wa kwanza anakaa karibu na mstari wa katikati ya barabara, anayemfuata anasogea kushoto kidogo, wa tatu kushoto zaidi, hadi lami inapokwisha. Nusu ya barabara tuliyopewa ilitosha watu sita wakibanana. Wa saba hana pa kwenda. Anang'ang'ania ukingoni, mchanga chini ya tairi, upepo wote wake, na akiachia mita mbili hazirudishi tena.

Kapteni aliinua mkono, na sisi watano tuliobaki tukajipanga kwa mpigo mmoja, mimi na Mangi tukipokezana mbele. Mmoja wa jezi nyekundu alikuwa mwepesi wa akili, akaingia nafasi ya sita. Wengine wote walibaki ukingoni, na nikigeuza shingo naona kundi linakatika, watatu huku, wanne kule, kisha siwaoni. Upepo ulikuwa unapita pale kama mlango umeachwa wazi. Mwalimu, wa timu yetu, akapasuka, nguvu zikamwishia. Dogo kila alipotaka kusogea mbele kusaidia, Kapteni alimrudisha: "Kaa hapo hapo, muda wako bado." Mangi naye akaisha, akasogea kando bila kusema neno. Nikabaki mimi mbele, nyuma yangu Kapteni, kisha Dogo, kisha yule mmoja. Sikuwa natazama saa wala kilomita. Nilikuwa natazama kivuli changu kwenye lami, na kusikiliza mnyororo wa Kapteni ili nijue bado wapo.

Kilomita mbili za mwisho nikasogea kando. Hiyo ndiyo njia nyeupe aliyoiona. Niliivuka ile mistari mieupe ya lami mmoja mmoja nikiihesabu ili nisisimame, na nilipofika, meza ya zawadi ilikuwa imeshapangwa.

Katika mbio za Ufaransa, Tour de France, za 1934, René Vietto, kijana wa miaka 20, alimpa kiongozi wa timu yake, Antonin Magne, gurudumu lake mwenyewe kule kwenye milima ya Pyrenees. Picha yake ipo: amekaa juu ya ukuta wa mawe, analia, baiskeli haina gurudumu. Siku iliyofuata alikuwa ameshatangulia, akageuza na kurudi kumpa Magne baiskeli. Magne akashinda mashindano, Vietto akamaliza wa tano. Lakini mpaka leo watu wa baiskeli wanamtaja Vietto, na kwa mapenzi. Na hawa wa siku hizi wanaolipwa, mshindi wa Tour de France anapata euro 500,000 na desturi ni kuzigawa kwa timu, kwa sababu kila mtu pale anajua ushindi umetoka wapi. Sisi hatulipwi. Tunanunua tairi kwa mshahara, tunaamka saa kumi usiku, na zawadi ya Jumapili Dogo anastahili kubaki nayo yote, nasema hili kwa dhati. Ninachoona ni deni ni kutaja tu. Ungesema, "Mangi na Fundi walifanya kazi." Sekunde tatu. Hata mimi ungeniacha, lakini Fundi!

Najua pia Dogo kajifunzia wapi. Mwaka 2025 mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu, tuliyatazama wote kwenye simu, na Mslovenia Tadej Pogačar akamaliza peke yake, hakuna mtu mbele wala nyuma. Kijana akiona hivyo anaamini mchezo ni mtu na miguu yake. Kamera haikai sana kwa wanaowabebea wenzao chupa za maji.

Lakini nikishaandika habari za Mapinga mpaka mwisho, kifua kinafunguka. Fikirieni. Angesema miguu ilikuwa mizito, ingekuwa na maana gani kwetu? Ingekuwa na maana kwamba upepo ulimfikia. Kwamba mahali fulani kati ya Kerege na Bunju niliacha mwanya. Akasema miepesi. Kijana katoka Bagamoyo hadi Bunju dhidi ya kusi ya mwezi wa saba, kafika akiwa na miguu miepesi, hata hajui kwa nini. Hakuna medali ingenieleza hivyo. Na mara ya mwisho kuniona, nilikuwa kando ya barabara, kichwa kiko kwenye usukani, karibu kusimama. Labda kweli alidhani nimeacha mbio. Labda ndiyo maana aliniangalia kwanza ndipo akauliza.

Na zile dakika za mshazari, jamani. Watu watano wanapumua pamoja, hakuna anayeongea, kila mmoja anajua pa kuweka gurudumu lake. Nimeendesha miaka mingi na sijawahi kuwa na furaha ya namna ile juu ya baiskeli. Nimeshamwambia Kapteni mbio zijazo anipe kazi ile ile, na nimemwomba jambo moja: baada ya mstari, kabla ya simu za watu, aite timu nzima na aseme kwa sauti nani alifanya nini. Amekubali. Dogo mwenyewe jana kaniandikia anauliza kama nitakuwepo mazoezi ya Jumamosi. Nimemjibu nitakuwepo. La swali lake sikuligusa.

Nilitaka kuishia hapo, ila kuna la baba. Alhamisi, wazee wakiwa wamekaa, alimuuliza mshenga wametokea wapi, akajibiwa Muheza, wakazungumza vizuri tu kuhusu machungwa na barabara. Muda si mrefu akauliza tena wametokea wapi, kwa sauti ile ile, kwa adabu ile ile. Mshenga akajibu tena bila kuonyesha kitu, Mungu ambariki. Mama aliinamisha macho kwenye sinia. Baadaye jikoni nikamuuliza imeanza lini, akasema amechoka tu, wageni wengi. Sidhani kama ni uchovu. Kesho nampigia dada Tanga, tukubaliane nani anampeleka hospitali wiki hii, na tutamwambiaje akubali kwenda.