Makande ya watu 200, na wa mwisho naye anapata

Kila Ijumaa tunapikia wazee na watoto wa mtaani kwetu makande, bure. Kwa watu 200 natumia kilo 20 za mahindi ya kukoboa na kilo 10 za maharage, sufuria mbili za lita 70.

Kilichotutesa ni maharage. Ya sadaka huja kidogo kidogo, kilo 3 za huyu, 5 za yule. Nikaambiwa, "Changanya tu, yote maharage." Tukachanganya. Saa nne mapya yalishaanza kupondeka. Yaliyolala stoo tangu msimu uliopita yalikuwa kokoto mpaka saa nane, na watu wamepanga foleni juani. Nyanya nazo zilishatiwa, na ukali wake ndio huzuia maharage kulainika. Sasa kila mfuko tunauloweka usiku kwenye ndoo yake, asubuhi maji tunayamwaga. Ambayo punje zake hazibonyei kwa kucha yanatangulia motoni saa nzima. Mekundu lazima yatokote sana, si chini ya dakika 10, la sivyo tumbo litasokota. Nyanya na tui ni mwishoni kabisa.

Ushauri mwingine nilioukataa ni kwamba sadaka haichunguzwi. Inachunguzwa! Gunia la mahindi lenye ukungu silipokei, hata aliyelileta akinuna. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mtu mwenye njaa hawezi kuchagua, kwa hiyo tunaopika ndio tuchague kwa ajili yake.

Zamani sufuria ilikauka huku watu 30 bado wamesimama, kwa kuwa waliotangulia walijaziwa. Dawa yake imekuwa vizibo vya soda. Kabla ya kupakua, kila aliye kwenye foleni anapewa kimoja, na mtoto aliyetumwa na bibi yake asiyeweza kutembea anapewa viwili. Vilivyotoka ndiyo idadi ya midomo. Upawa wetu ni robo lita: vizibo 200, pawa mbili zilizojaa kila mmoja, vikifika 250, upawa wa pili haujai, tangu bakuli la kwanza. Anayepakua ni mmoja tu, maana mikono miwili haina kipimo kimoja. Vizibo vinarudishwa kwenye beseni, ila weka akiba ya 20, watoto huondoka navyo kuchezea.