Otani Yoshitsugu hakumgeuka rafiki yake Tarui

Kutoka Nagoya nilibadilisha treni Ogaki, na kituo kilichofuata kilikuwa Tarui. Mji mdogo, ukumbi wa stesheni mtupu, miti ya matunda ya kaki imeinama kwa uzito wa Oktoba. Abiria wenzangu walikuwa wamesinzia. Mimi nilikuwa nimebandika uso dirishani, kwa sababu hapa ndipo jemadari niliyemfuata alipolala siku kadhaa za kiangazi cha mwaka 1600 akiwaza aende upande gani.

Jina lake Otani Yoshitsugu, bwana wa ngome ya Tsuruga katika pwani ya Bahari ya Japani. Alikulia katika utumishi wa Toyotomi Hideyoshi, yule mtu wa ukoo wa chini aliyeiunganisha Japani baada ya zaidi ya miaka mia moja ya mabwana kunyang'anyana ardhi. Inasimuliwa kwamba Hideyoshi alitamani ampe askari milioni moja, kisha akae pembeni atazame atakavyowaongoza. Lakini mwili haukumruhusu. Alipata maradhi ya ngozi, ambayo wengi huamini yalikuwa ukoma, na miaka ya mwisho alifunika uso kwa kitambaa cheupe huku macho yakififia.

Kuna kisa cha bakuli la chai ambacho Wajapani hawachoki kukisimulia. Mabwana wamekaa kwa Hideyoshi, bakuli moja linapita mkono kwa mkono, kila mmoja anapiga funda na kumpa jirani. Lilipomfikia Otani, tone likadondoka ndani kutoka usoni pake. Waliofuata waligusisha midomo tu. Ishida Mitsunari, rafiki yake, alilipokea akalinywa lote mpaka chini. Kisa hiki ni cha vizazi vya baadaye, na sitakiapia. Ila nikifikiria yaliyotokea Tarui, naona kwa nini watu walikihitaji.

Hideyoshi alifariki mwaka 1598, akaacha mrithi mtoto mdogo. Tokugawa Ieyasu, mwenye nguvu kuliko mabwana wote, akaanza kujikusanyia madaraka. Kiangazi cha 1600 Otani alikuwa njiani kwenda mashariki kujiunga na Ieyasu huyohuyo dhidi ya ukoo wa Uesugi. Yeye na Ieyasu hawakuwa na ugomvi wowote. Alipofika Tarui akaitwa na Mitsunari katika ngome yake ya Sawayama, na huko akaelezwa siri: Mitsunari anataka kumpinga Ieyasu kwa vita.

Otani alimkatalia. Alimwambia wazi kuwa hataweza, kuwa watu hawampendi, kuwa Ieyasu ana ardhi, askari na uzoefu. Akarudi Tarui. Akakaa. Kisha akageuza farasi, akaenda zake Sawayama kumwambia rafiki yake kwamba yuko pamoja naye. Na kwa kuwa alishaamua, hakumficha tena kitu: alimshauri asijiweke mbele, amtangulize bwana mkubwa kama Mori Terumoto awe kiongozi kwa jina. Ndivyo ilivyofanyika.

Treni ikaondoka. Baada ya dakika chache nikashuka Sekigahara, mahali ambapo majeshi ya Mitsunari na ya Ieyasu yalipambana mwaka huohuo.

Ukisimama pale nje ya stesheni unaelewa mara moja kwa nini majeshi yalikutana hapa. Milima imelibana bonde kaskazini na kusini, na barabara ya kale ya Nakasendo, reli ya kawaida na ile ya treni za kasi za Shinkansen zote zinajipenyeza kwenye uwazi huo mmoja. Karibu na stesheni kuna jumba la makumbusho ya vita lililofunguliwa 2020, lenye ghorofa ya juu ya kutazamia bonde zima. Nilipanda, nikatazama, nikashuka. Nikakodi baiskeli.

Nilipita kilima cha Sasao, ilikokuwa kambi ya Mitsunari, na ua wa miti uliojengwa upya mfano wa ule uliozuia farasi. Kutoka hapo naona mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, na nguzo ya jiwe inayoonyesha mahali pa mapigano makali. Tarehe 21 Oktoba 1600 kulikuwa na ukungu mzito. Majeshi yalikaa yakisikilizana bila kuonana, na kwa simulizi iliyozoeleka mapigano yalianza yapata saa mbili asubuhi, ukungu ulipoanza kufunuka. Watu zaidi ya 150,000, kwa hesabu inayotajwa sana, katika bonde ambalo nililivuka kwa baiskeli hata jasho halijanitoka.

Upande wa magharibi, katika kitongoji cha Yamanaka, nilivuka reli, nikaacha baiskeli karibu na hekalu la Wakamiya Hachiman, nikapanda msituni kwa miguu. Njia ni ya udongo na majani ya miseda, na kuna vibao vinavyotahadharisha kuhusu dubu. Nikatembea nikipiga makofi.

Kisha miti inafunguka mahali pamoja, na mbele yako, ng'ambo ya bonde, kimekaa kilima cha Matsuo. Hapo nilikaa muda mrefu kuliko mahali popote siku ile. Juu ya Matsuo alikuwapo Kobayakawa Hideaki, kijana wa miaka 18, na askari kama 15,000. Kwa jina alikuwa wa upande wa Mitsunari. Otani hakumwamini, na ndiyo maana alipanga watu wake hapa, wakimwelekea. Aliongoza akiwa amebebwa kwenye machela, kwa sababu hakuweza kupanda farasi, na macho yake hayakuweza kuona kile ninachokiona mimi. Lakini alikuwa amekwisha kukiona kabla ya wote.

Yapata adhuhuri Kobayakawa akageuka, askari wake wakateremka mlima. Kikosi kidogo cha Otani kikawasukuma nyuma, na inasemwa si mara moja. Kilichokimaliza ni mabwana wengine wanne waliopangwa jirani yake, Wakisaka, Kutsuki, Ogawa na Akaza, ambao nao waligeuka na kumshambulia ubavuni. Hapo hapakuwa na la kufanya. Otani alijiua, na akaagiza kichwa chake kisiangukie mikononi mwa adui.

Kaburi liko ndani zaidi, kwenye kivuli. Minara midogo miwili ya mawe, imesimama bega kwa bega. Mmoja ni wake. Wa pili ni wa Yuasa Gosuke, mtumishi aliyekwenda kukizika kichwa. Gosuke alikutwa na mtu wa ukoo wa Todo, wa upande wa Ieyasu, akamwomba: chukua kichwa changu, lakini usiseme nilipouzika uso wa bwana wangu. Adui yule aliahidi. Ieyasu mwenyewe alipouliza, hakusema. Na kaburi hili lilijengwa na ukoo huohuo wa Todo.

Mitsunari alikamatwa milimani siku chache baadaye, akauawa Kyoto. Kobayakawa alikufa 1602, bado kijana, na nyumba yake ikazimika.

Mbele ya mawe kulikuwa na sarafu, maua, na chupa ya chai ya kijani ambayo haijafunguliwa. Nikapiga magoti. Katika mapigano yale yale Hiratsuka Tamehiro, mwenzake, alimpelekea shairi la kuagana, naye akajibu kwa shairi: kwa ahadi yetu, nisubiri kidogo kwenye njia panda ya njia sita, hata kama mmoja ametangulia na mwingine amechelewa. Njia sita ni zile ambazo Wabudha huamini mtu huzaliwa upya ndani yake baada ya kufa. Nililisema shairi hilo kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa kuwa Kijapani changu hakitoshi.

Jioni nikapanda treni ya kurudi. Ilisimama Tarui. Mlango ukafunguka, hewa ya baridi ikaingia, hakuna aliyeshuka wala aliyepanda, mlango ukafungwa.